Kutoka Mwanzi Hadi Simu: Ngano ya Nian na Tangazo la Sikukuu

Fasihi simulizi hupimwa mara kwa mara kwa kigezo cha asili: masimulizi yaliyo karibu na chimbuko lake huitwa halisi, na yaliyopitia mikononi mwa mfanyabiashara huhesabiwa kuwa makapi. Makala haya yanakijaribu kigezo hicho kwa kuchunguza ngano ya Kichina ya zimwi Nian, pamoja na filamu fupi ya tangazo iliyotokana nayo mwaka 2021.

Ngano yenyewe husimulia kwamba kila mkesha wa mwaka mpya Nian hushuka kijijini na kula mifugo na watu. Wanakijiji hukimbilia milimani, hadi mzee mgeni anapofichua kuwa zimwi hilo huogopa rangi nyekundu, moto na kishindo. Tangu hapo karatasi nyekundu hubandikwa milangoni, taa huwashwa usiku kucha na fataki hulipuliwa. Hiki ni kisasili cha usuli: dhima yake ni kueleza chanzo cha desturi.

Hata hivyo, desturi yaelekea kuitangulia ngano. Katika karne ya 6, Zong Lin, alipoeleza sikukuu za eneo la Jingchu, alitaja mianzi iliyopasuliwa motoni siku ya kwanza ya mwaka ili kufukuza mapepo ya milimani. Neno *nian* nalo lina historia yake. Kamusi ya Xu Shen, Shuowen Jiezi, iliyokamilishwa mnamo mwaka 100, hulifasili kuwa kukomaa kwa nafaka. Kutokana na mavuno likapata maana ya mwaka. Ngano imelivika neno hilo umbo la mnyama, hivyo kwamba *guo nian*, yaani kuupita mwaka, husikika pia kama kunusurika na zimwi. Kwa hiyo, ngano inayodaiwa kuwa chanzo cha desturi yenyewe ni ufasiri wa desturi.

Mfululizo wa filamu za sikukuu za kampuni ya Apple nchini China ulishuhudia kwanza uhalisia. Ile ya Peter Chan ya mwaka 2018 ilimhusu mama mhudumu wa treni aliyepata dakika 3 tu za kuonana na mwanawe kituoni. Ya Jia Zhangke ya mwaka 2019 ilihusu ndoo ambayo mama alimfungashia mwanawe arudipo mjini. Mwaka 2021 Lulu Wang, mzaliwa wa Beijing aliyekulia Marekani, aliigeukia ngano katika filamu iitwayo Nian, iliyopigwa kwa simu.

Katika filamu hiyo, msichana mdogo anakutana na zimwi na kufanya urafiki nalo. Nafasi ya kijiji inachukuliwa na mtoto mmoja, na mgogoro unahama kutoka nje hadi ndani ya nafsi: cha kushindwa si Nian bali hofu. Badiliko hili lina gharama. Zimwi lisipotisha, rangi nyekundu na kishindo hupoteza sababu yake, na kisasili huacha kuwa cha usuli. Ikumbukwe kwamba kishindo chenyewe kilikuwa kimekwisha kubanwa: Beijing ilipiga fataki marufuku mjini mwaka 1993, ikalegeza mwaka 2005, kisha ikazizuia tena katika eneo la kati mwaka 2018.

Je, huu ni uharibifu? Kwa kuwa ngano ilizaliwa kwa kufasiri upya, haiwezi kulaumiwa kwa kufasiriwa tena. Suala zito liko kwingine. Simu haionekani kama bidhaa ndani ya kisa. Ndiyo chombo cha kukisimulia. Kinachouzwa, basi, ni ufanani. Katika utambaji wa jadi, msikilizaji wa leo alikuwa mtambaji wa kesho kwa sababu tu alisikia na kukumbuka. Tangazo linamwahidi cheo kilekile, ila linakitia bei. Mhakiki wa fasihi simulizi hana budi kuulizia bei hiyo kabla ya kuulizia asili.