Bima, Mchango na Msamaha: Maneno Matatu katika Historia ya Matibabu Tanzania

Neno bima lilifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na wafanya biashara wa Bara Hindi. Kwao lilikuwa neno la shehena na vyombo vya baharini, na asili yake yaelekea Kiajemi, ambamo bim maana yake ni hofu. Waarabu, ambao Kiswahili kimekopa kwao maneno mengi ya sheria na ya biashara, huliita jambo hilo hilo taamini, kwa shina lile lile lililozaa amani na amana. Ni ajabu kidogo kwamba Waswahili waliliacha neno la amani wakalishika neno la hofu. Lakini maneno ya namna hii hayachaguliwi na wanazuoni. Huchaguliwa na wenye daftari za mikopo na shehena, na katika miji ya pwani daftari hizo zilikuwa mikononi mwa Wahindi.

Kwa muda mrefu bima haikuhusiana na ugonjwa. Shirika la Bima la Taifa lilipoundwa Tanganyika mwaka 1963, na lilipofanywa mali ya umma lote zima mwaka 1967, watu walilijua kwa habari za magari, za majumba na za maisha ya watu wachache wenye mshahara. Ugonjwa ulikuwa na neno lake, nalo ni mchango. Ndugu huchanga kwa ajili ya harusi, kwa ajili ya msiba, na kwa ajili ya mgonjwa apelekwaye hospitali ya mbali. Mchango una tabia zake: mtoaji hujulikana kwa jina, hutoa kadiri awezavyo, na atoaye leo hujua kwamba kesho atachangiwa yeye. Asiye na kitu huja na kuni au maji, wala hakuna amfukuzaye.

Katika miaka ya kwanza ya uhuru serikali haikuona haja ya kulichukua neno lo lote kati ya hayo mawili. Ripoti ya mwaka 1964 iliyoongozwa na Richard Titmuss juu ya huduma za afya za Tanganyika ilitilia nguvu vituo vya afya vya shamba, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati zikaenea vijijini kwa gharama ya serikali. Mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali za kutafuta faida. Zilizobaki nje ya mkono wa serikali zilikuwa hasa za mashirika ya dini. Lugha ya wakati ule ilikuwa nyepesi: matibabu ni bure. Neno bure lenyewe lina hila, kwa kuwa Mswahili husema bure pia kwa kitu kisicho na maana. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, na uhaba wa fedha za kigeni vilipoikumba nchi, bure ya kwanza ilianza kufanana na bure ya pili: mgonjwa hakudaiwa kitu, na dawa hakupata.

Hapo ndipo mageuzi yalipoingia. Baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na baada ya hospitali za watu binafsi kuruhusiwa tena mwaka 1991, malipo yalianza kutozwa mwaka 1993 katika hospitali kubwa, kisha yakashuka wilayani. Jina lililotolewa halikuwa ada wala malipo, bali kuchangia gharama. Mwenye kulitunga jina hilo alijua Kiswahili vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Neno la msibani lilihamishiwa dirishani kwa karani wa hospitali, lakini tabia zake hazikuhama pamoja nalo. Kiasi hakikuwa tena kadiri awezavyo mtu, na aliyeshindwa hakupewa nafasi ya kuleta kuni.

Kwa ajili ya huyo aliyeshindwa likaletwa neno la tatu, msamaha. Watoto wadogo, wajawazito, wazee na watu maskini walisamehewa. Ni kweli kwamba neno hili halikubuniwa na waganga. Msamaha wa kodi ulikwisha kujulikana katika ofisi za serikali. Hata hivyo masikio ya Mswahili husikia kwanza kosa, ndipo msamaha. Mama mjamzito alisamehewa nini? Tena msamaha huombwa, na aombaye hana haki. Mzee alitakiwa alete barua ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha kwamba hana uwezo, yaani aueleze umaskini wake mbele ya jirani zake kabla hajaueleza ugonjwa wake mbele ya mganga. Wengi walibaki nyumbani.

Mwaka 1996 jaribio jipya lilikuwa limeanza wilayani Igunga, katika Tabora. Mfuko wa Afya ya Jamii ulitaka kila kaya itoe kiasi kimoja kwa mwaka, ikatibiwe zahanati pasipo kulipa tena. Igunga kilikuwa shilingi 5,000. Serikali iliongeza shilingi moja kwa kila shilingi ya wananchi, na utaratibu huo ukaitwa tele kwa tele, jina zuri mno kwa mfuko ambao mara nyingi haukuwa na tele. Sheria ya mfuko ilitungwa mwaka 2001, na mijini ukaja mwenziwe, Tiba kwa Kadi. Mwaka ule ule wa 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi kwa sheria ya 1999. Huu ulikatwa katika mshahara wa mtumishi wa serikali: asilimia 3 kwake na asilimia 3 kwa mwajiri. Hivyo mkulima alibaki na jamii, mtumishi akapata bima. Tofauti ya vyeo ikaandikwa katika majina yenyewe.

Mfuko wa hiari una udhaifu ambao mchango wa kindugu hauna. Mwenye afya hujitenga, mgonjwa hujiandikisha. Jambo hili lilionekana wazi katika kadi ya watoto iliyoitwa Toto Afya Kadi, majina matatu yaliyopangwa pasipo kiunganishi, jambo ambalo mwalimu wa sarufi asingelisamehe. Bei yake ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na wazazi wenye watoto wagonjwa ndio waliokuwa wepesi kuinunua. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, na malalamiko yakawa makubwa.

Wakati huo Watanzania wenye bima ya afya ya namna yo yote walikuwa kama asilimia 15. Mswada wa 2022 ulijaribu kuifunga bima na leseni ya udereva na ya biashara, ukapingwa, ukarudishwa. Mswada uliopitishwa na Bunge tarehe 1 Novemba 2023 ukawa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ndani yake bima ni wajibu, na wasio na uwezo hugharimiwa na mfuko utokao katika kodi za vitu kama vinywaji vyenye gesi, vileo na vipodozi. Hapo maskini haombi msamaha. Ametajwa kuwa mwanachama, ingawa bado lazima mtu fulani aamue nani hana uwezo, na kijijini mtu huyo hawezi kuwa mbali sana na ofisi ya mtendaji.

Katika maneno ya kila siku bima imekwisha kupata maana nyingine tena. Mgonjwa husema ameisahau bima yake nyumbani, au bima yake imepotea, akikusudia kadi. Na swali la kwanza aulizwalo dirishani, kabla hajasema anaumwa wapi, ni kama ana bima au analipa taslimu.