Sinia la Vitumbua na Sheria ya Nguvu Kazi

Mwaka 1983 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ambayo kwetu Buguruni, Dar es Salaam, ilijulikana kwa jina moja tu: Nguvu Kazi. Kila mwenye uwezo wa kufanya kazi alitakiwa aonyeshe kazi yake ni ipi, na machoni pa wakubwa kazi ilikuwa ajira au shamba. Muuza karanga, mpiga kiwi, mama wa maandazi, fundi baiskeli wa chini ya mwembe, wote waliwekwa kapu moja na wazururaji. Waliokamatwa bila kitambulisho walipakiwa kwenye malori wapelekwe vijijini wakalime.

Mambo haya hayakuanza mwaka huo. Mwingereza alikuwa na sheria yake ya 1944 ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa, na baada ya Uhuru misako iliendelea. Miaka ya 1970 watu wa Dar es Salaam wasio na ajira walipelekwa Gezaulole, huko Kigamboni, kuanzisha kijiji cha ujamaa. Mkoloni alikwishaondoka, lakini imani kwamba asiye na mwajiri hafanyi kazi ilibaki palepale.

Wakubwa hao wangeingia nyumbani kwetu wangeona mengine. Baba alikuwa na ajira kiwandani, mtu wa zamu, na mshahara wake ulikata katikati ya mwezi. Nchi ilikuwa imetoka kwenye Vita vya Kagera, fedha za kigeni hakuna, maduka matupu. Sukari ilikuwa ya foleni. Basi Mama akaanza vitumbua.

Mchele aliuloweka mchana, usiku akautwanga, akauchanganya na tui, amira na hiliki, akaufunika uumuke. Saa kumi alfajiri mkaa umeshika. Kikaango chake cha chuma kilikuwa na vishimo saba. Kila kishimo kilipata mafuta kidogo, upawa mdogo wa uji, kisha kijiti cha kugeuzia. Mafuta ndiyo yaliyomnyima usingizi. Yalipoadimika dukani alinunua ya magendo, kwenye chupa ya soda, akawa anayapima kwa kizibo. Saa kumi na mbili sinia limejaa, limefunikwa kitambaa cheupe, liko kituoni kabla wafanyakazi hawajapanda basi. Akirudi, mtaji wa kesho anaufunga kwenye pindo la kanga, hela ya upatu anaiweka kando, inayobaki ndiyo mboga yetu, daftari zetu na, mara nyingi, nauli ya Baba ya kwendea kazini.

Hilo la nauli nalisema kwa makusudi. Tulizoea kusema Mama "anamsaidia" Baba. Ukizipiga hesabu, mshahara ndio uliokuwa unasaidia.

Siku moja mgambo walilimwaga sinia lake barabarani. Tangu siku hiyo alitembea na cheti cha ndoa ndani ya mfuko wa plastiki, apate kuthibitisha kuwa ni mke wa mtu. Mwanamke aliyekuwa macho tangu saa kumi usiku alihitaji jina la mumewe ili asiitwe mzururaji! Bado linaniuma.

Sheria yenyewe ilishindwa, kwa sababu mji haukuweza kuishi bila watu iliowafukuza. Mwaka uleule wa 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, maana UDA, shirika la umma la mabasi ya mji, ilikuwa imeelemewa, na wafanyabiashara wadogo wakaanza kupewa leseni za nguvu kazi. Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985 milango ya biashara ikafunguka zaidi. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyefanya kazi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, alikuta sehemu kubwa ya kipato cha kaya ikitoka kwenye miradi midogo kama ya Mama. Waliokuwa wakiila hela hiyo hawakuhitaji kuambiwa.

Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, shilingi 20,000 kwa mwaka, kwa wenye mauzo yasiyofika milioni nne. Mdogo wangu, aliyerithi kikaango, alinunua kitambulisho siku za mwanzo kabisa, akakivaa shingoni. Mwaka 2021 machinga walipoondolewa barabarani naye akahama. Sasa wateja wanampigia simu jioni, bodaboda anapeleka alfajiri, na unga wa mchele anaununua umekwisha kusagwa.