Mtihani wa serikali: ginsi ya kurudilia hesabu kabla ya Examen d'État

Kila mwaka, katika miji na vijiji vya mashariki mwa Congo, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari wanafanya Examen d'État, mtihani wa serikali wenye ulianzishwa mwaka 1967. Mwenye anapata asilimia 50 ao zaidi anapewa diplome na anaweza kuingia chuo kikuu. Mwenye anakosa anarudilia mwaka, na mzazi anaanza tena kutafuta pesa ya masomo. Kati ya masomo yote, hesabu ndizo zinaogopesha wengi.

Mara nyingi shida inaanzia kwenye namna ya kurudilia. Mwanafunzi anafungua kaye, anasoma zoezi lenye mwalimu alitatua ubaoni, anaona kila mstari uko wazi, kisha anafunga kaye akisema ameelewa. Siku ya mtihani, zoezi la namna ile ile linamshinda. Ni kweli alielewa, lakini alielewa kazi ya mwalimu. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajaifanya hata mara moja.

Mtihani uko namna gani

Mtihani wa serikali uko na sehemu mbili. Ya kwanza inaitwa hors-session, ambamo wanafunzi wanaandika dissertation ya Kifaransa. Ya pili ni session ordinaire, yenye inachukua siku nne. Katika siku hizo, kila ulizo linakuja na majibu matano, na mwanafunzi anachagua moja. Kazi zinasahihishwa kwa mashini. Mashini haioni mistari ya hesabu yenye mwanafunzi aliandika pembeni, wala haimpe pointi ya kujaribu. Inaangalia tu kama jibu lenye alichagua ni lile la kweli.

Tena, maulizo yanatolewa katika seria mbalimbali, kusudi mwenye anakaa karibu asiwe na karatasi sawa na ya mwenzake. Ndiyo maana majibu yenye yanazunguka kwenye WhatsApp usiku wa kuamkia mtihani ni hatari. Hata kama yangekuwa ya kweli, yanaweza kuwa ya seria nyingine. Pesa yenye mwanafunzi anatoa kwa kuyanunua ingetosha kununua makaye na biki kwa kazi ya miezi miwili.

Kufanya zoezi na kaye imefungwa

Mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa utafiti kuhusu namna wanafunzi wanakumbuka yale wamesoma. Kundi moja lilisoma andiko mara mbili. Kundi lingine lilisoma mara moja, kisha likaandika yote lilikumbuka bila kuangalia. Kisha dakika tano, wenye walisoma mara mbili ndio walikumbuka zaidi. Lakini kisha juma moja mambo yaligeuka: wenye walijipima walikumbuka asilimia 56, wengine asilimia 42.

Andiko lile halikuwa la hesabu, lakini fundisho lake linafaa pia kwa kaye ya hesabu. Kusoma tena kunamfanya mwanafunzi ajisikie kwamba anajua, na hali hiyo haidumu. Kujipima ni kazi ngumu, kunachosha na kunaonyesha aibu ya kutojua, lakini ndiko kunabakisha kitu kichwani.

Kwa zoezi moja, kazi inaweza kwenda hivi:

1. Mwanafunzi anaandika ulizo peke yake kwenye karatasi, kisha anafunga kaye.
2. Anajaribu kwa dakika kumi ao zaidi, hata kama anakwama. Anaandika pahali alikwama.
3. Anafungua kaye, anaangalia mstari tu wenye ulimshinda, anafunga tena na kuendelea.
4. Kisha siku mbili ao tatu, anafanya zoezi lile lile tangu mwanzo bila kuangalia. Kama linapita, analirudilia kisha juma moja.

Makosa nayo yanastahili kaye yao. Kila interogasio yenye imerudishwa inaonyesha mahali mapointi yanapotea: mmoja anasahau alama ya kutoa mbele ya mabano, mwingine anachanganya formile, mwingine anasoma ulizo mbiombio. Mwanafunzi mwenye anaandika makosa yake kwa majuma matatu ataona kwamba hayako mengi kama alivyofikiri. Mara nyingi ni makosa manne ao matano yenye yanarudia tu.

Kuchanganya mazoezi

Katika vitabu vingi na masomoni, mazoezi yanapangwa kwa fungu: kumi ya logaritime, kisha kumi ya derive, kisha kumi ya probabilite. Kisha mazoezi mawili ya kwanza, mwanafunzi hafikiri tena ni njia gani itumike, sababu kichwa cha somo kimekwisha kumwambia. Kwenye mtihani hakuna kichwa cha somo. Ulizo la kwanza linaweza kuwa la logaritime, na lenye kufuata likawa la jeometri.

Doug Rohrer na Kelli Taylor, watafiti wa Marekani, walichunguza jambo hilo na kutoa matokeo mwaka 2007. Wanafunzi walijifunza kupima ukubwa wa vitu vya sura mbalimbali. Wenye walifanya mazoezi kwa fungu walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na wenye walichanganya walipata 60 tu. Lakini kisha juma moja, kundi la kwanza lilianguka mpaka asilimia 20, na wenye walichanganya walipata 63.

Njia rahisi ya kuchanganya ni hii: mwanafunzi anakata vikaratasi, anaandika kwa kila kimoja ulizo moja kutoka somo mbalimbali, anavitia ndani ya kopo na kuvuta vitano kila mangaribi. Mbele ya kuanza kuhesabu, anasema kwanza: hili ni ulizo la somo gani, na njia gani inafaa? Kundi la marafiki watatu ao wane linaweza kutumia kopo moja, kila mmoja akileta maulizo yake.

Kuhakikisha jibu mbele ya kuchagua

Majibu matano yenye yanatolewa hayakuwekwa ovyo. Mara nyingi jibu la uongo ni lile lenye mwanafunzi anapata akifanya kosa la kawaida. Mfano: kutafuta x katika ekwasio log x + log (x − 3) = 1, logaritime ikiwa ya msingi 10.

Kwa kuunganisha logaritime mbili, inakuwa x(x − 3) = 10, ni kusema x² − 3x − 10 = 0. Ekwasio hiyo inatoa majibu mawili: 5 na −2. Mwanafunzi mwenye haraka ataona kati ya majibu matano "−2 na 5", na atachagua hilo kwa furaha. Lakini logaritime ya nombre yenye iko chini ya zero haiko katika hesabu hizi, na log (−2) haiwezekani. Jibu ni 5 tu. Kuhakikisha kunachukua sekunde chache: log 5 + log 2 = log 10, na log 10 ni 1.

Kurudisha jibu ndani ya ekwasio kunasaidia pia wakati njia imesahaulika. Kama majibu matano yako mbele ya macho, mwanafunzi anaweza kujaribu moja moja. Haifai kwa kila ulizo, lakini kwa ekwasio nyingi inaokoa pointi yenye ingepotea.

Kifaransa ndani ya hesabu

Wanafunzi wengi wa mashariki wanaongea nyumbani Kiswahili, Kinande, Mashi, Kirega ao lugha nyingine, lakini ulizo la mtihani linakuja kwa Kifaransa. Kuna wenye wanajua hesabu vizuri, lakini neno moja linawapotosha.

Tuseme pesa ya chuma inarushwa mara tatu, na upande mmoja wake unaitwa pile. Kama ulizo linasema "exactement une fois pile", linataka mara moja tu: jibu ni 3/8. Likisema "au moins une fois pile", linataka mara moja ao zaidi: jibu ni 7/8. Likisema "au plus une fois pile", linataka isizidi mara moja: jibu ni 4/8, ni kusema 1/2. Hesabu ni ile ile ya matokeo manane, ila maneno mawili yanabadilisha jibu lote.

Inafaa mwanafunzi awe na ukurasa wa maneno kama hayo pamoja na maana yake: respectivement, en fonction de, en déduire, négatif, croissant. Hasa awe mwangalifu na ulizo lenye linatafuta jibu la uongo kati ya majibu. Neno "fausse" likisomwa mbiombio, mwanafunzi anachagua kweli ya kwanza yenye anaona na kupoteza pointi juu ya jambo lenye alijua.

Wenye wamepoteza miezi ya masomo

Mwezi wa kwanza 2025, shule za Goma zilifungwa wakati wa mapigano, na familia nyingi zilihama. Katika sehemu nyingine za mashariki pia, vita na kuhama vimekata masomo mara nyingi. Mwanafunzi mwenye amekosa miezi miwili hawezi kufuata programu yote kwa majuma machache, na akijaribu anaishia kugusa yote bila kushika kitu.

Kwake ni vizuri kuanzia chini: sehemu za nombre, alama za kujumlisha na kutoa, ekwasio ya kwanza na ya pili, asilimia. Mambo hayo yanaingia karibu ndani ya kila ulizo. Asilimia peke yake inaangusha hata wenye hawakukosa masomo. Mfano: bei ya bidhaa ya dola 100 inapanda kwa asilimia 20, kisha inashuka kwa asilimia 20. Wengi wanajibu kwamba imerudi 100. Lakini imepanda mpaka 120, na asilimia 20 ya 120 ni 24, basi imebaki 96. Kila muchuuzi wa sokoni mwenye amepoteza dola nne namna hiyo anajua jibu.

Kisha msingi, mwanafunzi amuulize mwalimu wa hesabu sura gani mbili ao tatu ziko na uzito zaidi katika sekisio yake. Hesabu za sekisio ya ufundishaji haziko sawa na za sekisio ya kisayansi ao ya biashara.

Mpango wa majuma manane

Juma la 1 na la 2: msingi, pamoja na kufungua kaye ya makosa.
Juma la 3 mpaka la 5: sura moja kila siku mbili, kaye imefungwa, na vikaratasi vinaongezeka ndani ya kopo.
Juma la 6 na la 7: maulizo ya miaka iliyopita, yamechanganywa, kwa saa yenye kupimwa.
Juma la 8: kaye ya makosa, ukurasa wa Kifaransa, na kulala vizuri.

Saa moja kila siku inapita saa saba za siku ya posho peke yake. Pahali umeme hauko, mwanga wa asubuhi kuanzia saa kumi na mbili ni wa bure, na kichwa bado hakijachoka.

Kazi ya wazazi

Mzazi mwenye hakusoma hesabu anaweza kusaidia sana. Anaweza kushika karatasi yenye majibu na kuangalia kama jibu la mtoto ni lile lile. Zaidi ya yote, anaweza kumupa wakati. Katika nyumba nyingi, msichana anarudi shuleni, anateka maji, anapika, anaosha vyombo, na kaka yake amekwisha kukaa na kaye. Wote wawili watapewa mtihani mmoja. Kugawanya kazi za nyumba kwa miezi miwili hakuombe pesa yoyote.

Siku ya mtihani

Simu inabaki nyumbani. Mwanafunzi anaangalia kwanza wakati wenye amepewa na hesabu ya maulizo. Tuseme ni dakika 120 kwa maulizo 20: kila ulizo liko na dakika sita. Anapita mara ya kwanza akijibu yale anajua, anaweka alama kwa yale magumu, kisha anayarudilia. Mwisho, anahakikisha kwamba kila jibu limewekwa mbele ya namba ya ulizo lake. Mwenye ameruka ulizo la 7 na kuandika jibu la 8 mahali pake anaweza kusogeza yote yenye kufuata, na mashini haitajua kwamba alikuwa anajua hesabu.