Mlango Mmoja Mmoja: Tulivyotoka Katika Korona, Kisii na Nyamira

  Popote ulipo, iwe ni shambani ukichuma majani chai, dukani Keroka, au jikoni ukimenya ndizi, tega sikio tuzungumze.

Leo hatutazungumza juu ya dawa wala chakula bora. Tutazungumza juu ya historia yetu wenyewe. Swali letu ni hili: maradhi makubwa yakiifunga nchi, nchi hufunguliwa vipi? Kufunga ni jambo la siku moja. Kiongozi hutoa amri, milango ikafungwa. Kufungua ndiko kazi, maana watu wana njaa, wamechoka, na ugonjwa bado upo.

Wazee wetu walipita hapo kabla yetu. Mwaka 1918 mafua makali yaliyozunguka dunia yaliingia Afrika Mashariki kupitia bandari ya Mombasa, yakafuata njia ya reli kuja bara. Wakati huo Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vikiisha. Wapagazi waliochukuliwa kutoka sehemu nyingi za nchi, Gusii ikiwemo, walikuwa wakirudi makwao. Hapakuwa na chanjo wala maabara ya kupima homa ile. Funzo lake ni rahisi: ugonjwa hutembea kwa miguu ya watu, na watu hutembea zaidi siku ile mambo yanapofunguliwa.

Sasa tuje karibu. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa Aprili, Nairobi na sehemu za Pwani zikafungiwa, watu wasiingie wala kutoka. Matatu ya abiria 14 ikabeba 8, na nauli ikapanda.

Lakini hapa kwetu, msikilizaji, amri iliyouma zaidi ilikuwa ya mazishi. Wakati huo ilisemwa kwamba watu 15 tu ndio watakaozika. Kumi na watano! Mtu wa Gusii huzikwa nyumbani kwake, na watu huja kutoka kila kona. Kutokuja mazishini ni kama kumkana marehemu. Sasa mama mzazi anahesabu: watoto wangu, wajukuu, ndugu za mume wangu, na mchungaji. Nani abaki? Nani aambiwe asije kumlilia mzee wake?

Tuifuate hesabu hiyo, maana ndani yake imo historia yote ya kufungua. Tarehe 6 Julai 2020 Rais alilegeza masharti. Mazishi na harusi zikaruhusiwa watu 100. Tarehe 28 Septemba idadi ikawa 200. Halafu Juni 2021, kwetu Kisii na Nyamira, ikarudi chini hadi 50. Ilipanda, ikapanda tena, ikashuka. Wengi walisema, "Serikali haijui inachofanya." Je, ni kweli? Hebu tuangalie.

Virusi vya Korona vikiingia mwilini, mtu anaweza kukaa hadi siku 14 kabla ya kuonyesha dalili. Kwa hiyo kosa la leo halionekani kesho. Huonekana baada ya majuma mawili, na hospitali hujaa baadaye zaidi. Ndiyo sababu mambo hufunguliwa kidogo kidogo, kisha watu wakasubiri na kupima. Ukifungua milango yote siku moja, hutajua ugonjwa uliingia kwa mlango upi. Rais alipofungua Nairobi tarehe 7 Julai 2020, alisema hali itatazamwa kwa siku 21. Siku hizo zilipokwisha, wagonjwa walikuwa wameongezeka. Tarehe 27 Julai uuzaji wa pombe mikahawani ukapigwa marufuku, na baa zikaendelea kufungwa.

Shirika la Afya Duniani, mwezi wa Aprili 2020, lilikuwa limetoa masharti sita ya kufuatwa kabla ya kulegeza. Kwa lugha yetu ni haya:

Kwanza, maambukizi yawe yamedhibitiwa.
Pili, hospitali ziweze kupima, kutenga na kutibu kila mgonjwa, na kuwatafuta aliokutana nao.
Tatu, mahali penye hatari kubwa, kama hospitali na makao ya wazee, pawe na ulinzi.
Nne, shule na mahali pa kazi pawe na maji, sabuni na nafasi ya kutosha.
Tano, wageni wanaotoka penye ugonjwa waangaliwe.
Sita, wananchi waelimishwe, wakubali, na wajue la kufanya.

Sharti la tano lilituhusu sana. Kisii na Nyamira hazikufungiwa mwaka 2020 kama Nairobi. Kwetu, kufunguliwa kwa Nairobi kulikuwa ni mabasi kuja tena. Vijana walikuwa na hamu ya kuwaona wazazi, na wazazi walikuwa na hamu ya kuwaona wana wao. Onyo la wakati ule lilikuwa chungu lakini la kweli: mwana mwenye afya anaweza kumletea mama yake kifo pamoja na mkate na sukari.

Makanisa nayo yalifunguliwa kwa kipimo: waumini 100, saa moja, wazee wa zaidi ya miaka 58 na watoto wadogo wabaki nyumbani. Shule zilikuja baadaye. Tarehe 12 Oktoba 2020 walirudi darasa la nne, la nane na kidato cha nne. Wengine walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Mtoto aliyekaa nyumbani karibu miezi kumi si yule aliyeondoka shuleni. Wako waliozoea pesa za kuchuma chai, na wako wasichana waliorudi wakiwa na mimba. Hiyo pia ni gharama ya maradhi, ingawa haihesabiwi hospitalini.

Kisha ikaja Juni 2021. Aina mpya ya virusi, Delta, ilikuwa imegunduliwa Kisumu mwezi wa Mei, na ilienea upesi kuliko zile za kwanza. Serikali ikazitaja kaunti 13 za Magharibi na eneo la Ziwa, Kisii na Nyamira zikiwemo. Kuanzia tarehe 18 Juni kafyu yetu ikawa saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, wakati sehemu nyingine za nchi zilikuwa na saa tatu zaidi jioni. Ibada za kukusanyika zikasimama. Maiti azikwe ndani ya saa 72. Masoko ya bidhaa zisizo chakula, pamoja na minada ya mifugo, yakafungwa siku 30. Kwa amri hiyo, mama anayeuza ndizi aliweza kuendelea, na jirani yake mwenye mitumba akafunga. Wote wawili wana watoto wa kulisha.

Basi, serikali haikujua inachofanya? Kupanda na kushuka kwa masharti si kosa. Mwenye gari hukanyaga breki kulingana na mteremko. Makosa yalikuwa mengine. Watu walipigwa na polisi, na sehemu nyingine za nchi wakauawa, kwa ajili ya kafyu iliyowekwa kuokoa maisha. Tena mwananchi aliambiwa asikusanyike, huku wanasiasa wakijaza viwanja mwaka 2020 hadi mikutano yao ikasimamishwa kwa siku 60 mwezi wa Novemba. Aliyezika na watu 15 aliyaona hayo. Sharti la sita likavunjika hapo, na imani ikivunjika hairudishwi kwa amri.

Kilichotufungulia mlango mkubwa ni chanjo, iliyoanza kutolewa Kenya Machi 2021. Kafyu iliondolewa nchi nzima tarehe 20 Oktoba 2021. Tarehe 11 Machi 2022 barakoa haikuwa lazima tena mahali pa wazi. Na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona si dharura ya dunia tena.

Msikilizaji, maradhi mengine yatakuja. Siku hiyo usiulize tu, "Tutafunguliwa lini?" Uliza pia: hospitali yetu ina nafasi? Soko letu lina maji ya kunawa? Aliyefungiwa biashara atakula nini? Na kiongozi anayetoa sharti, yeye mwenyewe analifuata? Haraka haraka haina baraka, lakini anayengoja naye lazima ale.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:
1. Katika kijiji chenu, ni sharti gani la Korona lilifuatwa vizuri? Kwa nini?
2. Mkiambiwa tena mzike na watu wachache, mtawaheshimu vipi marehemu na waliobaki nyumbani?
3. Ni nani kati yenu anayeumia kwanza soko likifungwa, na mtamsaidiaje?

 Hadi kipindi kijacho, nawa mikono, na umjulie hali jirani yako.