Sepsisi

Sepsisi ni hali ambayo mwili, katika kupambana na maambukizi, hupindukia mpaka ukavidhuru viungo vyake wenyewe, kama figo na mapafu. Asili ya neno ni Kigiriki, kwa maana ya kuoza. Mitaani husemwa "sumu kwenye damu", usemi unaopotosha kidogo, kwani damu ya mgonjwa ikioteshwa maabara huenda isionyeshe kijidudu chochote.

Katika vyumba vya wagonjwa mahututi neno hili ni la kila siku. Utafiti wa SOAP, uliofanyika Ulaya mwaka 2002, ulifuatilia watu wazima 3,147 katika vyumba 198 vya nchi 24. Waliopata sepsisi walikuwa 1,177, yaani asilimia 37. Takriban robo ya wagonjwa wote waliingia nayo. Wengine iliwapata humo humo. Chanzo kikuu kilikuwa mapafu.

Ukaguzi wa ICON wa mwaka 2012, katika nchi 84, ulipata asilimia 29.5. Ugonjwa haukuwa lazima umepungua: ICON ilihesabu wale tu ambao kiungo kilikwisha kushindwa kazi, na maana hiyo kali ndiyo iliyopitishwa rasmi mwaka 2016.