Sato wa uani Igogo na mabwawa ya Malya

Najua nimepotea. Nilikuwa fildi huko Kwimba, nafundisha historia kidato cha pili, na mtandao kule unaupata kwa kusimama juu ya jiwe huku umenyoosha mkono. Nimerudi Malimbe salama, boom bado halijatoka, kwa hiyo naandika nikiwa na njaa kidogo. Mtanisamehe kama samaki watatajwa sana.

Walio karibu na mimi wanaijua habari ya samaki wa nyumbani. Kwa wasiojua: likizo iliyopita nilijenga uani kwetu Igogo ule mtambo wa kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji hayo hayo, wenyewe wanauita akwaponiki. Simtanki la mtumba la lita 1,000, pembeni yake pipa lililopasuliwa kwa urefu na kujazwa kokoto, pampu ndogo ya umeme ya kupandisha maji, halafu maji yanachuruzika yenyewe kurudi kwenye tanki. Vifaranga 60 vya sato. Hela ilikuwa salio la boom pamoja na shilingi 80,000 ambazo mama alizitoa kwenye mtaji wake wa genge. Hiyo 80,000 ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mnaijua Igogo. Nyumba zimepanda mawe, na ukisimama mlangoni kwetu unaliona ziwa lote limelala pale chini. Basi kila jirani aliyepita alisimama, akaangalia tanki, akaangalia ziwa, akauliza: "Mwalimu, lile pale hulioni?"

Nilicheka nao. Lakini usiku nilijiuliza, kweli, kwa nini mtu wa Mwanza afuge samaki kwenye tanki? Jibu nimelitafuta kwenye vitabu kuliko kwenye tanki, na ndilo nataka kuwapa leo.

Samaki wa asili wa chungu cha watu wa ziwa hili alikuwa ngege. Mwaka 1905 nyavu za kutega za kizungu zilifika Ghuba ya Kavirondo upande wa Kenya, zikasambaa, na miaka ishirini na ushei baadaye wavuvi walikuwa wanalalamika nyavu zinarudi tupu. Serikali za kikoloni zikamleta mtaalamu, Michael Graham, akapima ziwa 1927 na 1928, akashauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Ngege hakupona sawasawa. Miaka ya 1950 wakapandikizwa wageni, sangara na sato. Ndiyo, sato! Huyu tunayemwita wa kwetu ni mhamiaji aliyeingia ziwani wakati babu zetu ni vijana. Sangara alitulia kama miaka ishirini hivi, halafu miaka ya 1980 akafumuka, akawala furu mpaka aina nyingi mno hazikuonekana tena. Miaka ya 1990 vikaja viwanda vya minofu. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, kwetu yakabaki mapanki, yaani kichwa, mgongo na mkia.

Ile filamu ya Hubert Sauper ya 2004 ilipoonyesha mapanki watu wakubwa walikasirika sana. Mimi sina ugomvi na upande wowote. Najua tu kwamba mama alikuwa anakaanga mapanki Igogo mimi nikiwa mgongoni, na hata leo ukiyasema vibaya mbele yake anakujibu: "Hayo ndiyo yaliyokusomesha, mwanangu."

Kwa hiyo ziwa lipo, majirani zangu hawakukosea. Ila samaki wake ana bei, na bei hiyo haipangwi Igogo. Uani unaweza angalau kujaribu kupata kitoweo ambacho hakijapita Mwaloni.

Sasa turudi kwenye tanki, kwenye aibu. Samaki anatoa amonia, nyingi inapitia kwenye matamvua. Amonia inamuua mwenyewe. Kwenye kokoto wanatakiwa waote bakteria, kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo ndiyo mboga inaitaka. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujenga kambi. Mimi sikusubiri hata siku moja! Nilijaza maji ya bomba yenye klorini, nikamwaga vifaranga jioni ile ile, nikapiga picha. Siku ya tatu umeme ulikatika tangu alfajiri, pampu ikanyamaza. Hadi Jumapili walikuwa wamekufa 41. Mama aliwaokota mmoja mmoja kwa chujio la chai, akawahesabu kwa sauti. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nikaondoka kwenda fildi nikiwa nimeacha samaki 19 na mchicha wa manjano.

Kwimba ndiko kuliko na Malya. Leo ukisema Malya watu wanakumbuka chuo cha michezo. Lakini nilikuwa nimesoma mahali kwamba historia ya ufugaji samaki Tanganyika inaanzia 1949, na inaanzia sehemu mbili tu: Korogwe kule Tanga, na Malya. Wadau, Malya! Nilidhani akwaponiki yangu ndiyo ya kwanza Kanda ya Ziwa, kumbe samaki wa kufugwa walikuwa Usukumani kabla mama hajazaliwa. Mabwawa yalichimbwa mengi, perege wakawekwa kwa majaribio, na mabwawa yale yakafa. Waliochunguza baadaye walitaja uangalizi mbovu, utaalamu usiofaa, ukame na miundombinu duni.

Ukame nauelewa, maana Malya ya mwezi wa tisa niliikanyaga kwa miguu yangu. Uangalizi mbovu ndio ulionikaa kichwani. Uangalizi wa nani? Tukumbuke Malya ya wakati huo ilikuwa nini. Ilikuwa makao ya ule mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947. Malambo yalichimbwa, na hayo watu waliyapenda. Lakini pamoja nayo zilikuja amri: lima matuta hivi, punguza ng'ombe, ukikaidi faini. Usukuma ilichemka kwa amri hizo, serikali ikaizuia TANU kufanya kazi huku tangu 1954 hadi 1958. Mzee niliyepanga kwake alisimuliwa yote hayo na baba yake, anakujulisha hata faini ilivyouma. Nikamuuliza habari za samaki wa kufugwa. Akacheka. "Samaki gani, mwalimu? Hapa?"

Hilo jibu ndilo ushahidi wangu, ingawa najua lekchara wa utafiti atanikata maksi. Faini imekumbukwa vizazi viwili, samaki hawakukumbukwa hata kimoja. Mimi naona hawakuwahi kuwa samaki wa watu. Walikuwa samaki wa ofisi.

Na tusiwasingizie wakoloni peke yao. Baada ya uhuru, 1967, serikali yetu ilifanya kampeni ya kitaifa ya kuchimba mabwawa. Hadi 1968 yalikuwa yamefika kama 8,000 nchi nzima. Namba tamu, eti? Mengine yalikuwa na mita za mraba 20, yaani sebule ya chumba cha kupanga, na mavuno yake yalikuwa kiduchu. Kampeni ikaisha, mabwawa mengi yakabaki mashimo. Ukisoma taarifa unakutana na maneno yale yale ya Malya, uangalizi mbovu.

Hapo nilikuwa karibu kuandika kwamba mambo haya ya kuzungusha kinyesi kiwe chakula siyo ya kwetu, ni ya Wachina wanaofuga samaki kwenye majaruba ya mpunga, au ya James Rakocy aliyeunganisha sato na mboga kwenye visiwa vya Virgin vya Marekani kuanzia miaka ya 1980. Rumeti wangu ndiye aliyenizuia. Ni Mkara.

Kisiwa cha Ukara wengi tunakijua kwa msiba wa MV Nyerere, 20 Septemba 2018. Rumeti akaniambia, kabla hujasifia visiwa vya Marekani kamsome babu yangu. Kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records, toleo la kwanza kabisa la 1936, Thornton na Rounce waliandika kuhusu kilimo cha Wakara, na unaona wazungu wale wameshangaa. Ng'ombe wanafungwa ndani, kwenye shimo lililochimbwa ndani ya nyumba, wanalishwa humo, samadi inajikusanya. Samadi inakwenda shambani kwenye uwele. Katikati ya uwele inapandwa marejea, baadaye inafukiwa udongoni iwe mbolea. Na majani ya ng'ombe yanatoka wapi kwenye kisiwa kidogo kilichojaa watu? Pembeni ya ziwa walichimba mashimo mpaka wakayafikia maji, wakaotesha majani humo humo. Maji, majani, ng'ombe, samadi, uwele, kisha unarudi mwanzo. Hakuna samaki kwenye mzunguko huo, sitaki kudanganya, lakini akili ni ile ile ya tanki langu. Na hawakuwa na bwana shamba wa kuwaamuru.

Siwafanyi Wakara malaika. Walifanya vile kwa sababu ardhi ilikuwa imewabana, zaidi ya watu 200 kwa kilomita moja ya mraba. Waliohamia bara walikokuta mapori, wengi waliacha mambo ya mashimo na samadi wakalima kama sisi wengine. Rumeti hakuipenda sehemu hiyo ya utafiti. Lakini mimi ndiyo iliyonifurahisha, maana ilinionyesha kwamba kazi ngumu kiasi kile mtu anaifanya akibanwa na shida yake mwenyewe, na faida ikiwa yake.

Sasa sikilizeni nilichokikuta Igogo niliporudi Jumamosi.

Pampu haipo. Mama ameichomoa, ameifunga kwenye mfuko wa rambo na kuiweka juu ya kabati. "Inakula Luku," basi. Asubuhi akiamka na jioni akifunga genge, anachota ndoo nne kwenye tanki, anazimwaga kwenye kokoto kutoka juu, maji yanarudi yenyewe kwa kishindo na mapovu, na hewa inaingia humo humo. Maji ya bomba ya kuongezea anayalaza kwenye beseni wazi siku mbili kwanza. Nani kamfundisha? "Niliona wale wa mwanzo ulivyowaua." Samaki ni 18, mmoja amekufa. Kwa idadi hiyo ndoo zinatosha, kwa 60 zisingetosha hata kidogo. Mchicha ameung'oa, ameweka matembele na chainizi, kwa sababu ndivyo vinavyoulizwa gengeni. Kwenye daftari la genge, nyuma ya orodha ya wadaiwa, ameandika "chuo" na chini yake mafungu aliyouza kutoka kwenye lile pipa. Nilijumlisha: 31,500. Kwa hiyo namdaiwa, samahani, nadaiwa bado 48,500, na samaki hawajaguswa.

Januari 2024 Rais Samia alikuwa hapa Mwanza kuzindua mikopo ya vizimba vya kufugia samaki ziwani, na majirani wananiambia nijiunge na kikundi niachane na matanki. Labda. Nilimuuliza mama kama niirudishe pampu ili tuongeze samaki. Akaniuliza boom linatoka lini.

Haya wadau, kesho kuna testi ya saikolojia ya elimu na sijagusa kitu. Mwenye desa anitafute, nipo kimbweta cha karibu na maktaba.