Kiti cha Rabi wa Breslau

Mwaka 1838 Wayahudi wa Breslau, mji wa Prusia ambao leo ni Wrocław nchini Poland, walimchagua Abraham Geiger awe rabi wa pili na mjumbe wa baraza lao la hukumu, chini ya mzee Salomon Tiktin. Geiger alikuwa na umri wa miaka 28. Alizaliwa Frankfurt, akasoma Talmudi, mkusanyo mkuu wa sheria na mafundisho ya marabi wa kale, tangu utotoni, kisha akaenda vyuo vikuu vya Heidelberg na Bonn, na tangu 1832 alikuwa rabi wa Wiesbaden. Kuchaguliwa kulikuwa rahisi kuliko kukaa kitini. Wapinzani wake waliikimbilia serikali: huyu si raia wa Prusia, tena anahubiri kwa Kijerumani, ilhali amri ya mfalme ya mwaka 1823 ilipiga marufuku jambo lolote jipya katika ibada za Kiyahudi. Geiger alilazimika kukaa Berlin zaidi ya mwaka mmoja akihangaikia uraia, na hakuanza kazi mpaka mwanzoni mwa 1840. Vitabu vingi husimulia ugomvi huu kama vita vya imani, mwanamageuzi upande mmoja na mshika mapokeo upande wa pili. Mimi naona kilichogombaniwa Breslau kilikuwa kazi yenyewe ya rabi: ni nani anayestahili jina hilo, na analistahili kwa sababu gani.

Kwa karne nyingi rabi wa Ujerumani alikuwa hakimu. Anayemjua kadhi wa pwani yetu hatapata taabu kumwelewa: mtu aliyebobea katika sheria ya dini, anayeletewa kesi za talaka na mirathi, magomvi ya wafanyabiashara, na mambo ya jikoni pia, kama kuku aliyekutwa na dosari tumboni baada ya kuchinjwa analiwa au haliwi. Kuhubiri hakukuwa kazi yake ya kila wiki. Kwa desturi alitoa hotuba kubwa mara mbili kwa mwaka, Sabato ya kabla ya Pasaka na ile ya kabla ya Siku ya Upatanisho. Sasa, mwaka 1812 Prusia iliwapa Wayahudi uraia kwa amri ya mfalme, na kwa amri hiyohiyo ikawanyang'anya marabi mamlaka ya mahakama. Jambo hili lina uzito kuliko linavyopewa. Geiger alipofika Breslau, kiti cha hakimu kilikuwa kimekwisha kupunguzwa miguu na dola. Tiktin alikuwa akilinda cheo ambacho sehemu kubwa ya kazi yake haikuwapo tena, na jumuiya ilikuwa na watoto waliosoma shule za Kijerumani, ambao hawakuwa na kesi ya kumpelekea rabi ila walikuwa na maswali.

Jibu la Geiger lilikuwa kwamba rabi awe mwanachuoni na mwalimu. Alikuwa amelionyesha jibu hilo mapema, kwa insha ya Kilatini iliyompatia tuzo Bonn, na iliyochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1833. Humo aliuliza ni mambo gani ya Kiyahudi yaliyomo katika Kurani. Muislamu hawezi kuukubali msingi wa swali hilo, kwani kwake Kurani ni wahyi. Hata hivyo, wakati waandishi wengi wa Ulaya walikuwa bado wakimwita Mtume Muhammad mlaghai, Geiger alimwona mtu mkweli aliyeuamini ujumbe wake. Kwa habari yetu hapa, la muhimu ni njia aliyoitumia. Mtu anayesoma Kurani na Talmudi pamoja kwa macho ya mwanahistoria hana sababu ya kukisamehe kitabu cha kwao. Mwaka 1857 alitoa kitabu chake kikubwa, *Urschrift*, akidai kwamba hata maandiko ya Biblia ya Kiebrania yalibadilika kadiri makundi ya Kiyahudi ya kale yalivyovutana.

Mambo yalilipuka mwaka 1842, makaburini. Maiti akisubiri kuzikwa, Tiktin alipinga hadharani Geiger kusema neno, na zogo likazuka mbele ya wafiwa. Halmashauri ya jumuiya ikamsimamisha Tiktin kazi. Yeye akatoa kijitabu cha kujitetea, akiungwa mkono na marabi wa Silesia ya Juu na Posen, na hoja yao isomwe kwa makini: asiyeikubali Talmudi kuwa sheria inayomfunga hawezi kuketi katika baraza la hukumu. Halmashauri nayo iliandikia marabi wengine, ikakusanya majibu 17 na kuyachapa mwaka 1842 na 1843. Swali lililokuwa hata katika jina la kitabu hicho lilikuwa hili: je, utafiti huru unapatana na kazi ya rabi? Upande mmoja ulizungumzia sifa za hakimu, wa pili sifa za mwanachuoni.

Nitaambiwa kwamba nalikwepa jambo, kwani mtu akisema Talmudi ina historia, hiyo ni imani tayari. Ni kweli, na Tiktin hakuwa mjinga. Aliona mbali kuliko wengi waliomcheka. Lakini ingekuwa imani peke yake, Geiger angekwenda kwa waliofanana naye. Wanamageuzi wa Berlin walipounda jumuiya yao mwaka 1845, walimtaka. Hakwenda, kwa kuwa alitaka kuwatumikia Wayahudi wote wa mji, si kikundi. Kiti kile kikachukuliwa na Samuel Holdheim, aliyehamishia ibada siku ya Jumapili. Kuna pingamizi kali zaidi. Mwaka huohuo wa 1845 Geiger alimwandikia faraghani mwanachuoni Leopold Zunz, akiisema tohara kwa maneno makali sana, ilhali hadharani hakuwahi kuongoza kampeni ya kuifuta. Wapo wanaouita huo unafiki. Siwezi kumtakasa moja kwa moja, maana wazazi waliomletea watoto wao walistahili kujua rabi wao anafikiri nini. Lakini kitabu chake cha sala cha 1854, ambacho kilibakiza Kiebrania kwa sehemu kubwa, kinaonyesha tabia ileile: mwanachuoni aliandika alichokiona, na mwenye kiti akaenda kwa mwendo ambao jumuiya nzima ingeweza kuufuata. Gharama yake ilikuwa kuishi na nafsi mbili.

Na hakushinda alivyotaka. Mfanyabiashara Jonas Fraenckel aliacha wasia wa fedha zilizojenga chuo cha marabi Breslau, chuo ambacho Geiger alikuwa amekiota kwa miaka mingi. Kilipofunguliwa mwaka 1854, mkuu wake akawa Zacharias Frankel, yule aliyetoka katika mkutano wa marabi wa Frankfurt mwaka 1845 kwa kupinga kura iliyosema Kiebrania si lazima katika sala. Kwa miaka tisa Geiger aliishi mji mmoja na chuo hicho bila kufundisha humo. Alirudi Frankfurt mwaka 1863, akahamia Berlin mwaka 1870, na huko ndiko alikopata darasa hatimaye, katika chuo cha elimu ya Kiyahudi kilichofunguliwa mwaka 1872. Alifundisha miaka miwili tu, akafariki Oktoba 1874. Breslau nafasi yake ilichukuliwa na Manuel Joël, mwalimu wa chuo cha Frankel, aliyekirekebisha kitabu cha sala cha Geiger kukirudisha karibu na desturi. Joël alikuwa daktari wa falsafa, na alihubiri kwa Kijerumani. Mwaka 1873 waliokataa mageuzi nao walifungua chuo chao cha marabi Berlin, wakishikilia kwamba kila herufi ya Taurati imetoka kwa Mungu. Mkuu wake, Esriel Hildesheimer, alikuwa na shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Halle.